Matairi ya majaribio mtaani: pimeni mwendo kwanza

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa huku Ligula, Mtwara. Barabara yetu ya lami ina upana wa mita 6, na watoto huivuka kila asubuhi kwenda shule huku magari na bodaboda zikipita kwa kasi. Vijana wanapendekeza tupange matairi chakavu yaliyojazwa mchanga kwa mwezi mmoja, kabla ya kuomba matuta ya kudumu. Tutajuaje kama yamesaidia?

JIBU: Ndugu mjumbe, wazo la vijana ni zuri, lakini jaribio lisilo na kipimo cha awali halithibitishi chochote, mtabaki kubishana, huyu akisema mwendo umepungua na yule akisema uko vilevile. Kwa hiyo pimeni kabla tairi la kwanza halijawekwa.

Vifaa ni futi kamba, simu yenye saa ya sekunde na daftari. Chagueni alama mbili zilizoachana mita 50, kwa mfano nguzo za umeme. Mtu mmoja akae kwenye alama ya kwanza na ashushe kitambaa gari linapoifikia, na mwenzake wa alama ya pili aanze kuhesabu hapo hapo, kisha asimamishe saa gari linapomfikia yeye. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa, sekunde 3.6 ni kilomita 50. Kaeni barazani au chini ya mwembe, wala msivae vizibao vya kung'aa, maana dereva akiwaona atapunguza mwendo na kipimo chenu kitakuwa cha uongo. Mkipata vyombo 100, vipangeni kuanzia cha polepole hadi cha kasi zaidi, kisha tazameni cha 85, kwa sababu wastani huwaficha wale wachache wanaowatia watoto hatarini.

Nawasihi mlenge kilomita 30. Dereva anayechukua sekunde moja kushtuka, akiwa kwenye kilomita 30 na lami ikiwa kavu, husimama ndani ya mita 13 hivi. Aliye kwenye kilomita 50 huwa amekwisha kupita mita hizo 13 kabla mguu wake haujagusa breki.

Matairi yasivuke barabara kama tuta. Yapangeni kwa zamu, kundi moja kushoto na jingine kulia, takriban mita 40 hadi 50 kati ya kundi na kundi, yakiacha mita 3.5 za kupita, ili gari la wagonjwa liendalo hospitali ya mkoa na lori la taka visizuiwe. Yapakeni rangi nyeupe na kuyabandika viakisi mwanga, kwa kuwa tairi jeusi usiku litamwangusha mwendesha bodaboda. Msizibe mfereji. Na kabla ya yote hayo, mwenyekiti wa mtaa aandike barua TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na kuwashirikisha askari wa usalama barabarani. Subirini kibali cha maandishi.

Wiki ya kwanza msiitegemee, kwani madereva hupunguza mwendo kwa mshangao tu. Pimeni tena wiki ya tatu na ya nne, siku zilezile na saa zilezile, na mhesabu pia magari ya mtaa wa jirani, yasije yakawa yamehamia huko. Hapa Mtwara kuna mtego mwingine: mkipima Septemba na kurudia Novemba, mtakuwa mnalinganisha barabara mbili tofauti, kwa sababu msimu wa korosho huleta malori mjini na mvua nazo huwa zinaanza. Vipimo vyote viwe ndani ya msimu mmoja.

Mwendo ukipungua, pelekeni daftari hilo TARURA pamoja na ombi lenu, na muombe tuta la mviringo, lile lililobuniwa Uingereza miaka ya 1970, lenye upana wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10. Vituta vyembamba vya saruji ambavyo watu hujijengea wenyewe huvunja springi za magari na kuwaangusha waendesha baiskeli. Ukipungua katikati ya matairi tu, kisha madereva wakakanyaga mafuta wakishayapita, sogezeni makundi yakaribiane na mpime upya kabla ya kuandika ombi lolote.