CISSP au Security+ kwa anayeanza?
Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza uanze na ipi kati ya CISSP na Security+, vyeti viwili vya usalama wa kompyuta na mitandao. Anza na Security+. CISSP inadai miaka 5 ya kazi katika angalau nyanja 2 kati ya 8 za usalama inazozitahini; hata ukifaulu mtihani, cheti kamili hupewi hadi uitimize.

Security+ ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na kufaulu ni alama 750 kwenye kipimo cha 100 hadi 900. Kinachowaangusha wengi ni maswali ya vitendo. Mara nyingi huja mwanzoni, mtu anang'ang'ana kupanga sheria za fayawoli (ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao), kushtuka nusu saa imekwisha! Yawekee alama, ruka, yarudie mwishoni.

Jina la usajili lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Ukifanyia mtihani wa Security+ nyumbani kupitia intaneti, umeme ukikatika ruta nayo inazima, kwa hiyo iwekee betri.