Senti Kumi Yenye Tundu

Mwanangu,

Picha uliyonitumia juzi nimeiona, na chai yangu ikapoa mezani. Umeniuliza: hii senti uliyoikuta chini kabisa ya sanduku la bibi yako, imefungwa kwenye kipande cha kanga, ilikuwa inanunua nini? Halafu ukaongeza lile swali lenu la siku zote, eti ni kweli zamani maisha yalikuwa rahisi? Nimejaribu kukujibu kwa simu mara mbili, mtandao unakatika na mimi mwenyewe naruka mambo. Nimeona niandike. Mwanao atazipiga picha karatasi hizi akutumie.

Hiyo ni senti kumi ya Afrika Mashariki. Upande mmoja pembe za ndovu, upande wa pili taji na jina la Malkia Elizabeth. Mwaka nauona vizuri kwenye picha, 1956. Sisi wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja tulitumia pesa moja. Ungeweza kutoka nayo Kariakoo ukaila Mombasa, usimtafute mtu wa kukubadilishia.

Kikombe cha chai ya maziwa hotelini kilikuwa senti kumi. Kitumbua cha bibi yako, senti tano. Gazeti la Ngurumo nalo senti kumi, na likishasomwa na mtaa mzima lilirudi kwetu likafungiwa vitumbua, kwa hiyo bibi yako alilipenda kuliko wasomaji. Muuza kahawa akipita jioni na dele lake, akigonganisha vikombe, kwa senti kumi wazee walikunywa, wakaongea mpaka isha. Basi ukisikia hivyo unasema, ama kweli! Mimi naomba ungoje kidogo.

Babu yako alikuwa fundi cherehani. Hakuwa na duka. Alikaa kwenye baraza ya duka la nguo, mwenye duka anauza kitambaa ndani, babu yako anashona nje, analipwa kwa kila nguo. Cherehani ilikuwa yake. Aliinunua kwa mafungu, na fungu la mwisho nilishazaliwa. Siku nyingine alirudi na shilingi nane, siku nyingine shilingi mbili, mwezi wa Ramadhani alirudi na macho mekundu na pesa nzuri. Mwaka 1963 serikali iliweka kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam kuwa shilingi 150 kwa mwezi, na mtaani kwetu watu walishangilia kama wamepata uhuru mara ya pili. Hapo ndipo ujue kabla ya hapo walikuwa wanapata nini. Na hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Babu yako hakuajiriwa na mtu.

Sasa piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye mhasibu. Shilingi 150 ni vipande elfu moja na mia tano vya senti kumi. Toa kodi ya chumba, maana tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, shilingi ishirini na kitu kila mwezi. Toa mchele, mkaa, mafuta ya taa ya chupa, sukari ya ratili nusu. Toa ada za shule, kwa sababu siku hizo shule ya msingi ililipiwa. Doti moja ya kanga ilimla babu yako siku mbili nzima za kushona. Kwa hiyo usiniulize kitumbua kilikuwa senti ngapi. Niulize senti hiyo ilikuwa inatafutwa vipi.

Na hapo ndipo penye tundu.

Senti moja, senti tano na senti kumi zote zilikuwa na tundu katikati. Thumni, yaani senti hamsini, na shilingi hazikuwa nalo. Wenzetu wengine waliliona kama urembo, lakini kwa bibi yako lile tundu lilikuwa daftari. Unajua hakusoma. Alitoka kwao Uzaramo akiwa mwari, hesabu yake yote ilikuwa vidoleni. Kila jioni alimwaga mauzo ya vitumbua mkekani, akachukua uzi wa katani, akatunga vipande vya senti kumi, kumi kumi. Kamba moja yenye vipande kumi ni shilingi. Akifunga fundo, haifunguliwi. Kamba zikilala ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo chini ya kitanda. Kamba za ada ya kaka yangu zilikuwa na uzi mweupe, za ada yangu alizifunga kitambaa chekundu. Kamba za kodi hazikuwa na alama, hizo alisema zinajijua.

Vile vitumbua, nikuambie siri, hamira ya dukani aliiona ghali, akawa anachachusha unga kwa tembo la mnazi. Wateja wake walikuwa watu wa swala tano, wanatoka msikitini alfajiri wanapitia kwake. Hakuna aliyewahi kuuliza mbona vimeumuka vizuri hivi.

Umeuliza pia tulikuwa tunajiburudisha na nini kama hapakuwa na televisheni. Tulikuwa na redio, lakini si ya kwetu. Ya kwetu ilikuwa ya hoteli ya chai ya pale kona, imewekwa juu ya kabati, na betri lake kubwa kama tofali. Taarifa ya habari ikianza mwenye hoteli aliinua mkono na hakuna aliyekoroga chai. Watu waliegemea dirishani, sisi watoto tukakaa chini ya dirisha. Wengine walitaka Idhaa ya Kiswahili ya BBC, wengine wakitaka Sauti ya Cairo kwa vile ilikuwa inawatukana Waingereza bila kupepesa, na ugomvi wa mawimbi ulikuwa kila siku. Februari 1961 ilipotangazwa kwamba Lumumba wa Kongo ameuawa, nilimwona babu yako akirudi nyumbani saa nane mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Hakusema kitu. Alipangusa cherehani, akaitia mafuta, akaipangusa tena. Mtaa ule wa ofisi ya TANU, chama kilichopigania uhuru wetu, uliokuwa ukiitwa New Street, ndio baadaye ukapewa jina lake.

Mwaka ule ulikuwa wa ajabu. Bara kulikuwa na ukame na njaa, mahindi ya msaada yakaja kutoka Marekani. Halafu mwisho wa mwaka zikaja mvua ambazo wazee hawakuwahi kuziona, zile zilizojaza Ziwa Victoria mpaka likala mashamba ya watu. Kwetu chumba kilivuja mahali pawili, na bibi yako alihamisha kopo kwanza, watoto baadaye.

Katikati ya matope hayo ndiyo uhuru ukaja. Mafundi wote wa baraza zile walishona usiku na mchana: mashati ya kijani, vitambaa vya rangi ya bendera, magauni ya kina mama wa TANU. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia babu yako akikataa kazi. Usiku wa tarehe 8 Desemba bibi yako alibeba beseni mbili za vitumbua, mimi nikabeba ya tatu, tukakaa kando ya barabara iendayo uwanjani, maana ndani hatukupata nafasi. Mume wa Malkia, Prince Philip, alikuwamo humo ndani, na Nyerere, na wakubwa wengine. Sisi tulikuwa na giza na umati. Ilipofika saa sita taa za uwanja zikazimwa. Zilipowashwa, sauti iliyotoka mle ndani mpaka leo sijaisikia nyingine ya kufanana nayo. Bendera ya Mwingereza ilikuwa imeshuka na yetu imepanda, na huko Kilimanjaro Luteni Nyirenda alikuwa na mwenge kileleni. Bibi yako alilia. Kisha akafuta machozi akauliza vitumbua vimebaki vingapi.

Asubuhi yake kitumbua kilikuwa senti tano vilevile. Nilitegemea kitabadilika, sijui kwa nini. Kilichobadilika mimi nilikiona mwezi uliofuata, Januari 1962, zilipoondolewa shule za Wazungu peke yao, Wahindi peke yao na Waafrika peke yao. Mwezi huohuo Mwalimu akajiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Kawawa, na pale hotelini watu walibishana wiki nzima, mtu anaachaje kazi aliyoipigania?

Dansi lilikuwa la mjomba wako. Jumamosi alipiga pasi suruali yake moja nzuri, akaenda ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja kuwasikiliza Dar es Salaam Jazz au Western Jazz, na Jumapili hakuamka. Bibi yako alisema mwanawe amezaliwa na miguu miwili tu, kichwa kitakuja baadaye. Mimi dansi sikuruhusiwa. Mimi yangu ilikuwa sinema.

Empire, Avalon, Odeon, zote nilizijua kwa nje kabla ya kuzijua kwa ndani. Siku za Idi watoto wa Kariakoo walitoka wamevaa vipya, wakapita nyumba hadi nyumba kupokea mkono wa Idi, wakaenda pembea za Mnazi Mmoja, na mwenye pesa iliyotimia akamalizia sinema. Picha zilikuwa za Kihindi. Kihindi hatukukijua, lakini Nargis, yule mwigizaji, akilia nawe unalia, na siku zote palikuwa na dada mmoja nyuma yako anayetafsiri kwa sauti, mengine akiyatunga mwenyewe. Kiti cha mbele kabisa, kile cha kuumiza shingo, kilikuwa shilingi moja.

Idi moja ya mwaka 1962 nilizunguka mpaka viatu vikanitoa malengelenge nikapata senti tisini. Wenzangu walikuwa wamekwisha tangulia. Nilirudi nyumbani, bibi yako alikuwa uani kwa wageni. Nikaingia chini ya kitanda, nikatoa kopo, nikachukua kamba yenye kitambaa chekundu. Nilijiambia ni ada yangu, si ya mtu. Fundo lake sikuliweza, nikalikata kwa meno. Nikatoa kipande kimoja cha senti kumi, nikazifunga tena zile tisa, nikakimbia.

Picha yenyewe siikumbuki hata kidogo. Nakumbuka nimekaa gizani nahesabu mpaka tisa.

Jioni bibi yako alitoa kopo kama kawaida yake. Aliipitisha kila kamba mkononi, hakuhesabu, alipima tu kwa kiganja. Alipofika kwenye ile, akasita. Akaliangalia fundo, akaniangalia mimi, akairudisha ndani ya kopo pamoja na zingine. Hakusema neno. Ningependa mno anipige. Kuanzia siku ile kazi ya kutunga senti akanipa mimi, na kila nilipofika kwenye kamba ile ya tisa alikuwa akitazama pembeni. Ada ilipolipwa aliziba pengo kwa pesa nyingine. Ile kamba hakuigusa.

Januari 1964 ikapita, nayo ungependa kuijua. Tarehe 12 Mapinduzi Unguja, na siku nane baadaye askari wa kambi ya Colito wakaasi hapa mjini. Risasi tulizisikia, maduka yakavunjwa, na babu yako akaonekana anakuja na cherehani kichwani, miguu peku, viatu amevisahau barazani. Siku kadhaa sukari haikuonekana kwa bei yoyote. Siku hizo kopo lilitulisha, kamba baada ya kamba.

Juni 1966 zikatoka pesa zetu wenyewe za Tanzania: senti tano, senti ishirini, thumni na shilingi. Senti kumi haikuwemo, na tundu halikuwemo. Za zamani ziliendelea kupokewa kwa muda, watu wakawa wanazipeleka benki. Bibi yako naye alipeleka zake, kamba zilezile, karani akalazimika kutafuta mkasi.

Mimi nilianza kazi ya ukarani mwaka 1968. Mshahara wa kwanza nilimnunulia doti ya kanga na kilo ya sukari, kisha nikazunguka sokoni siku mbili nikiuliza senti kumi ya Malkia. Muuza mkaa mmoja alikuwa nayo, akanipa bure, akaniona mwendawazimu. Nikamkabidhi bibi yako kanga, sukari, na ile senti.

Aliipokea ile senti kwanza. Akaiinua juu, akanichungulia kupitia tundu, jicho moja amelifumba, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Riba iko wapi?" Kisha akachana pindo la kanga yake kuukuu akaifunga humo.

Usiipeleke kwa wale wanaonunua pesa za kale mtandaoni. Ukija Pasaka njoo nayo.

Mama yako