Kulungu Akipotea, Kagua Upinde Kabla ya Kumlaumu Mpigaji

Ninyi mnaoanza kuwinda kwa upinde huku Minnesota, hasa tuliotoka Kenya ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na hivyo hatukuwa na mjomba wa kutufundisha, mtaambiwa kulungu hupotea kwa sababu ya mkono kutetemeka. Upo ukweli hapo. Lakini mara nyingi mkono ulitulia vizuri tu. Skrubu ndiyo iliyolegea tangu wiki iliyopita, na hakuna aliyeigusa.

Anzeni na kile kishikio kinachobeba mshale. Kikisogea milimita chache, kwa macho huoni kitu, ila mita 30 mbele mshale uliolengwa mapafu unaingia tumboni. Kulungu wa namna hiyo huenda mbali na damu haidondoki. Piga kistari cha rangi nyeupe kupitia kila skrubu ya kishikio na ya kifaa cha kulengea. Kistari kikikatika, kuna kilichogeuka. Kazi ya dakika kumi, na bado watu wazima wanaikwepa!

Upote, ile kamba ya upinde, nao hurefuka polepole. Ile pete ndogo ya kuchungulia iliyofungwa ndani yake hujipinda, kisha siku mnyama amesimama mbele yako unavuta na kuona giza. Upake nta, na ukianza kutoa manyoya badilisha, usiuonee huruma.

Mishale ya kaboni: pinda kila mmoja kidogo karibu na sikio huku ukiuzungusha. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje kabisa usije ukarudi kwenye podo. Mshale wenye ufa unaweza kupasukia mkononi mwako unapoachia.

Kwenye vigumba, yaani vichwa vya mshale vyenye makali, ndiko ninakobishana na watu. Vile vinavyofunguka vyenyewe vinapendwa kwa sababu huruka kama ncha za mazoezi, lakini hula nguvu ya mshale ili kufunguka, na kipete kinachobana makali kikichakaa hufunguka hata angani. Sheria ya hapa inaruhusu hata upinde wenye nguvu ya kuvuta ya pauni 30. Kwa upinde mwepesi kuvuta hivyo, mimi nasema kigumba cha makali yasiyokunjika, basi. Na kile ulichofanyia mazoezi usikipeleke porini bila kukinoa: makali butu husukuma mishipa pembeni badala ya kuikata.

Fanyeni mazoezi mkiwa na koti lile lile la Novemba. Mkono mnene wa koti ukigusa upote, mshale umeshapotea.

Ukishapiga, tazama mshale kabla ya kufuata. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, subiri nusu saa. Mshale ukiwa na uchafu wa kijani na harufu, ni tumbo: ondoka kimya, rudi baada ya muda wa saa nane au zaidi. Na ukikuta kigumba kilifunguka upande mmoja tu, usikitupe. Kipeleke kwa fundi wa pinde pamoja na upinde wenyewe, kabla hujapanda tena dunguni.