Maswali ya Hesabu: Namba Zinazokataa Kuwa Sehemu

Swali: Nasoma mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Kadutu, Bukavu. Mashine yangu ya kuhesabu inaandika √2 kuwa 1,414213562, na 1 ÷ 17 kuwa 0,058823529. Sioni mpangilio katika yoyote. Kwa nini mwalimu anasema ya kwanza ni irasionali na ya pili ni rasionali?

Jibu: Kioo cha mashine hakiwezi kukujibu, kwa sababu kina nafasi ya tarakimu kumi hivi tu. Namba rasionali ni ile inayoweza kuandikwa kama namba nzima juu ya namba nzima nyingine isiyo 0; isiyoweza kuandikwa hivyo ni irasionali. Kwa hiyo 1/17 ni rasionali hata kabla hujagusa mashine.

Igawanye kwa mkono uone. Kila hatua huacha baki, na hapa baki laweza kuwa 1 hadi 16 tu. Mabaki yakiisha lazima moja lirudi, na likirudi, tarakimu zinazofuata nazo zinarudi vilevile. Mzunguko wa 1/17 una tarakimu 16: 0588235294117647. Kioo kimejaa kabla haujatimia. Kinyume chake ni kweli pia: desimali inayojirudia hugeuka sehemu. Ukiwa na x = 0,363636…, basi 100x = 36,3636…; toa x, ubaki na 99x = 36, yaani x = 4/11.

Sasa √2. Andika upya 1,414213562 kwa vidole vyako, kisha izidishe kwa yenyewe. Utapata 1,999999999. Wengi hubonyeza kipeo cha pili papo hapo juu ya jibu, wanaona 2, wanadhani wamethibitisha. Kumbe mashine ilikuwa na tarakimu zaidi ndani yake, ikakadiria. Kuongeza tarakimu hakutaokoa chochote. Desimali inayokoma huishia na tarakimu kati ya 1 na 9, na ukiizidisha kwa yenyewe, jibu huishia na 1, 4, 5, 6 au 9, kamwe si 0. Daima kitabaki kitu baada ya mkato.

Huo ni uthibitisho kwa desimali zinazokoma tu. Kwa sehemu zote, chukulia √2 = p/q, p na q zikiwa namba nzima. Basi p² = 2q². Vunja kila upande hadi kwenye namba tasa, kisha hesabu 2 zilizomo. Katika p² idadi yake ni shufwa, maana kila 2 ya p inaingia mara mbili. Katika q² ni shufwa pia, lakini upande huo una 2 moja ya ziada, kwa hiyo jumla ni witiri. Namba ileile haiwezi kuwa na hesabu mbili. Sehemu hiyo haipo.

Njia hiyohiyo inakupa kipimo cha haraka: kipeuo cha pili cha namba nzima ni rasionali ikiwa tu namba hiyo ni mraba kamili. Angalia sana desimali: √0,09 ni 0,3, lakini √0,9 ni irasionali.

Swali: Mimi ni seremala Goma. Mwanangu anasema mstari wa kona hadi kona wa mraba hauna kipimo kamili. Mbona mita yangu inaupima?

Jibu: Baba, urefu upo, tena ni mmoja tu. Anachosema mtoto ni kwamba hakuna kizio, hata kiwe kidogo namna gani, kinachoingia mara kamili katika upande na pia mara kamili katika mstari huo. Mraba wa mita 4 una mstari wa mita 5,656854… Mita yako itasoma milimita 5657, na kwa mbao hiyo inatosha kabisa.

Kuna sehemu zinazokaribia vizuri. Anza na 7/5. Juu weka 7 + 2×5, chini 7 + 5: unapata 17/12. Rudia: 41/29, kisha 99/70. Angalia hii ya mwisho: 99² ni 9801, na 2 × 70² ni 9800. Zimepishana kwa 1, na kila hatua hupishana kwa 1 vivyo hivyo, bila kukutana. Upande wa sentimita 70 ukiupa mstari wa sentimita 99, umekosea milimita 0,05. Karatasi ya A4, milimita 297 kwa 210, ni 99/70 ileile. Ndiyo maana ukiikunja katikati umbo linabaki karibu lilelile.

Ukitaka kunyoosha kona bila kukadiria, pima 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na 5 kutoka ncha hadi ncha.

Swali: π ni mzingo kugawanya kwa kipenyo. Huo si uwiano? Na 22/7 je? (Msomaji, Lubumbashi)

Jibu: Ni uwiano, ila si wa namba nzima mbili: kipenyo kikiwa namba nzima, mzingo hauwi. Mwanahisabati Lambert alithibitisha hilo mwaka 1761. 22/7 ni 3,142857…, π ni 3,141592… Duara la nusu kipenyo mita 5 lina mzingo 10π, yaani 31,42 ukikadiria. Kwa 22/7 utapata 31,43, kwa 3,14 utapata 31,40. Kwa hiyo beba 10π hadi mstari wa mwisho, ndipo ukadirie.