Kuacha king'amuzi cha kulipia

SWALI: Nimechoka kulipia king'amuzi cha dishi kila mwezi. Nikiacha, nitapataje habari na vipindi vya watoto? – Mama wa watatu, Thika

JIBU: Mama, usinunue kitu kwanza. Soma kibandiko cha nyuma ya runinga au kijitabu chake. Ukiona DVB-T2, yaani mfumo wa dijitali unaorusha chaneli za bure za Kenya, king'amuzi kimo ndani tayari. Ikiwa ni DVB-T pekee, mfumo wa zamani, haitanasa chaneli hizo. Tafuta king'amuzi cha DVB-T2 kisicho na malipo ya mwezi.

Dishi ni la setilaiti, hapa halifai. Unahitaji antena ya UHF (masafa ya mawimbi ya runinga za kawaida), ifungwe juu ya paa na kuelekezwa zinakoelekea za majirani.

Kebo ya dishi, kwa kuwa ni ya ohm 75, kipimo kilekile cha kebo ya antena, itumie tena, ila kichwa chake cha kuzungusha hakiingii kwenye runinga; nunua cha kuchomeka. Hapa ndipo mafundi wengi wa haraka huharibu: unywele mmoja wa ule wavu wa nje ukigusa waya wa shaba wa katikati, unaweza kukosa chaneli zote. Urudishe wavu nyuma wote kabla ya kukaza.

Kisha kwenye menyu chagua Antena, siyo Kebo, utafute chaneli. Picha ikiganda na kukatika vipande, geuza antena kidogo kidogo. Kikuza mawimbi (booster) kiwe cha mwisho kununua. Ukiwa karibu na mtambo wa kurusha matangazo, kikuza hicho huzidisha nguvu na kuharibu picha.

Mechi nyingi za ligi za Ulaya utazikosa, hilo tusikufiche.