Pampu kuzunguka si ushahidi kwamba maji ni salama

Mama yangu alirushwa na umeme kwenye kidimbwi cha uani kwetu huku pampu ikiwa imezimwa. Naanza na hilo kwa sababu wengi tunaamini pampu ikisimama, hatari nayo imesimama.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika imeshika hapa Tanga. Mama alitoka asubuhi mapema kuokota maua ya asumini yaliyoangukia majini. Akatia mkono wa kulia, akautoa kwa kasi na kujishika kiwiko. "Mwanangu, haya maji yana kitu." Nikaangalia swichi ya barazani: imezimwa tangu usiku. Pampu kimya. Nashukuru sikumbishia. Alikuwa amevaa kandambili za mpira; angekuwa pekupeku juu ya ile ardhi iliyolowa, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Pampu yenyewe aliileta shemeji kutoka Marekani, zawadi nzuri, imefungwa katikati ya nguo sandukuni. Kibao chake kimeandikwa 120 V, 60 Hz. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, Hz 50 (Hz ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Fundi niliyemwita akanunua transfoma ya kushusha umeme, akaunga, maji yakaruka, watoto wakashangilia, nikamlipa. Mimi na yeye tulikosea mahali pamoja: tuliona inazunguka, tukaridhika.

Baada ya mama kushtuka nilimwita fundi mwingine, mtu mzima wa Chumbageni. Hakugusa chochote kwanza. Alichomeka msumari mrefu kwenye udongo wenye unyevu, akagusisha ncha moja ya mita kwenye ule msumari, ncha ya pili akaitumbukiza majini. Swichi imezimwa, na mita ikasoma volti 60 na ushei. Akaenda kuchomoa plagi ya transfoma ukutani. Mita ikashuka hadi sifuri.

Sababu ilikuwa rangi za waya. Katika nyumba zetu za zamani, kama nyingi za Ngamiani, waya mwekundu ndio wa moto, yaani unaoleta umeme, mweusi ni nyutro, unaourudisha, na kijani ni ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba na vifaa vya siku hizi hutumia kahawia kwa waya wa moto, bluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya njano kwa ethi. Vifaa vya Marekani vina mpango wao: mweusi ndio wa moto, mweupe ni nyutro, kijani au shaba tupu ni ethi. Fundi wa kwanza aliona waya mweusi akauhesabu nyutro kama alivyozoea, akaifunga swichi kwenye mweupe. Kwa hiyo tulipokuwa tukizima, tulikuwa tunakata njia ya kurudi tu. Pampu inasimama, na waya wa moto unaendelea kukaa kidimbwini usiku kucha.

Nyaya zikiwa nzima ndani ya ganda lake huenda tusingejua kwa miaka. Ila waya wa pampu ulikuwa mfupi, ukaungwa ukingoni mwa maji, ukazungushiwa tepu na kufunikwa jiwe. Nilipoinua lile jiwe tepu ilikuwa imelegea inateleza, gundi imetoka, na shaba ndani imeota ukijani. Sisi tuko Raskazone. Upepo wa bahari unaleta chumvi kila siku, na mvua ikaongezea maji. Waya wa ethi nilioukuta pale ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani ya tepu. Haukuwa umeungwa popote.

Basi ukiletewa pampu ya nje, kabla ya kufikiria plagi, soma kibao chake. Kikisema 220–240 V na 50 Hz, uko nyumbani. Kikisema 120 V, 60 Hz, ushauri wangu ni kuiacha. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi zile Hz. Mota iliyotengenezwa kwa 60 ikipewa 50 huzunguka polepole, karibu sehemu moja ya sita pungufu, na koili yake huvuta umeme mwingi kuliko ilivyokusudiwa, hivyo inachemka. Ili isichemke ungelazimika kuipa takriban volti 100, na transfoma za dukani hazikupi hiyo. Halafu nyingi kati ya hizo transfoma za bei nafuu zina koili moja tu ndani: upande wa volti ndogo umeshikana na upande wa 230. Nyaya za kuingilia zikigeuzwa, hata ule waya unaoitwa nyutro unaweza kubeba volti 230. Kitu kama hicho hakifai kulisha maji ambayo mtoto anachezea.

Jambo la fyuzi nalisema kwa msisitizo, maana nililiamini vibaya mwenyewe. Nilidhani fyuzi ya kwenye plagi itamwokoa mtu. Fyuzi ya ampea 13 inalinda waya usiungue. Moyo wa binadamu unaweza kuvurugwa na umeme wa chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea, na fyuzi hiyo wala haitashtuka. Kwa pampu ndogo ya wati 30 au 40 weka fyuzi ya ampea 3, lakini usiihesabu kuwa ulinzi wa mtu. Kinachomlinda mtu ni kile kikata umeme cha milliampea 30 kinachoitwa RCD. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ukipotea kidogo njiani kinakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ethi nayo iwepo. Bila ethi RCD bado inafanya kazi, ila mara nyingi itasubiri mpaka mtu aguse ndipo ikate. Ethi ikiwepo, umeme unaovuja unapata njia mapema na RCD inakata kabla hajaja mtu.

Sisi tulifumua vyote. Nikanunua pampu ya volti 12, pamoja na transfoma ya usalama yenye koili mbili zisizoungana, ipo ndani ya nyumba ukutani, mbali na maji. Maji hayaruki juu kama zamani. Yanabubujika tu, na mama anasema ndivyo anavyoyapenda. Waya wa pampu una urefu wa kutosha kutoka majini hadi barazani bila kiungo, na umepita ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa. Kabla ya kuingia kwenye boksi unainama kwanza chini kisha unapanda, ili matone ya mvua yadondoke pale kwenye mkunjo yasifuate waya hadi ndani. Ukilazimika kutumia pampu ya volti 230, kiungo kiwe kwenye boksi lisiloingiza maji, lililoinuliwa ukutani, na swichi iwe ya kukata nyaya zote mbili. Na kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Muombe akuonyeshe, haoni vibaya aliye nayo.

RCD tuliyoifunga ina kitufe cha kujaribia. Nakibonyeza kila mwanzo wa mwezi. Kisipokata, kidimbwi hakiguswi hadi fundi aje. Mama haiamini tena swichi. Huchomoa plagi kwa mkono wake, akaiweka juu ya meza ya barazani anapoiona, ndipo anainama kuokota asumini zake.