Kabla ya kuwasha tanuri, nenda diko ukamtazame pono

Wanaoniandikia kuhusu vito vya enameli huuliza kwanza bei ya tanuri, kisha rangi zinapatikana wapi. Swali la tatu huja kwa haya kidogo: "Dada, michoro unaitoa wapi?" Leo nalijibu hilo la tatu, maana ndilo lililonitesa kuliko yote.

Kwa asiyeijua kazi hii, enameli ni kioo cha rangi kilichosagwa kikawa unga. Unautandaza juu ya shaba, fedha au dhahabu, unaingiza kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi, na baada ya dakika mbili tatu unga umeyeyuka na kushikana na madini. Ni jamaa ya yale masinia ya maua tuliyolia chakula harusini.

Mwaka wangu wa kwanza nilinakili. Nilizipenda mno bizimu, yaani pini za kufungia nguo, za Beni Yenni, eneo la vijiji vya Wakabili kwenye milima ya Algeria, ambako masonara huipamba fedha kwa enameli ya buluu, kijani na njano, kisha wakapachika marijani nyekundu. Nilizirudia rangi kwa rangi. Zilitoka safi, lakini ukizishika hazikukwambia kitu. Wale masonara wana vizazi vya kuzitazama rangi zile zikivaliwa na mama zao. Mimi nilikuwa nimetazama picha kwenye simu.

Aliyenitoa hapo ni pono. Alfajiri moja nilikwenda diko la Malindi, hapa Unguja, kutafuta kitoweo, nikamkuta ndiyo kwanza anashushwa chomboni. Magamba yake ni makubwa, na kila gamba la kijani-buluu lilikuwa na ukingo wa waridi. Nilipofika nyumbani rangi ilikuwa imeshafifia. Basi kesho yake nikarudi na daftari na penseli za rangi, na kesho kutwa, hivyo hivyo karibu mwezi mzima. Wavuvi wakanizoea, wakawa wananiwekea mmoja pembeni kabla ya mnada. Mtu akilala sana tunasema kalala usingizi wa pono, lakini mimi pono ndiye aliyeniamsha.

Siku za mwanzo nilichora ukingo wa waridi kama mstari. Ilichukua zaidi ya wiki kuona kwamba hakuna mstari pale. Waridi inapungua polepole mpaka inapotelea kwenye kijani. Jambo hilo lilibadilisha kazi yote, kwa sababu mstari ningeutengeneza kwa waya, ila rangi inayopungua inataka unga wa rangi mbili ukutanishwe ukiwa umelowa, kwa ncha ya brashi, punje kwa punje. Nyuzi bapa za fedha nikazisimamisha kwa ubavu kuzunguka kila gamba tu, zikafanya vijumba, nikavijaza.

Baadaye ndipo nikaanza kuwaelewa wakubwa wa kazi hii. Namikawa Yasuyuki (1845–1927), aliyekuwa bingwa wa njia hiyo ya vijumba huko Kyoto, Japani, alifanya kazi nyumbani kwake kando ya bustani yenye bwawa la samaki. René Lalique, Mfaransa, aliwatazama wadudu. Pambo lake la kifua la mwanamke-kereng'ende, la miaka ya 1897–1898, liko Lisbon kwenye jumba la makumbusho la Gulbenkian. Mabawa yake yana enameli isiyo na madini kwa nyuma, mwanga unapita kama kwenye bawa lenyewe. Naamini ufundi ule ulidaiwa na mdudu. Anayemtazama kereng'ende kwa dakika tano atachora bawa, lakini anayemtazama msimu mzima ataona kwamba bawa ni mwanga, naye atakwenda kutafuta namna ya kuuondoa ukuta wa nyuma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua kitu kimoja unachoweza kukifikia kwa miguu, ukiandame. Kisha uulize moto utakubali nini. Waridi yangu juu ya fedha tupu iligeuka njano ya kuchukiza, ikabidi nitandike kwanza tabaka la enameli isiyo na rangi. Fanya vipande vya majaribio kwa kila rangi: sehemu juu ya madini matupu, sehemu juu ya isiyo na rangi, sehemu juu ya nyeupe. Na rangi nyekundu ikitoka tanurini nyeusi usiitupe, iache ipoe kwanza. Vaa barakoa unapochekecha unga, hilo halina mjadala.

Kuna mgongo wa kipande pia. Bibi yangu alikuwa na kidani cha dhahabu chenye vito mbele, na nyuma, mahali panapogusa ngozi, maua mekundu na ya kijani ya enameli. Ni desturi ya masonara wa Jaipur. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakigeuza makusudi nikiwa nimekaa mapajani mwake. Kumbe mgongo una kazi: kioo na shaba havinywei sawa vinapopoa, na usipopaka pande zote mbili kipande hupinda, kioo kikapasuka. Wengi hupaka nyuma mabaki ya rangi yoyote. Nakuomba usifanye hivyo. Atakayekivaa atakigeuza.

Sasa nipo kwenye kungumanga. Mtu wa kijiji cha Kizimbani amenipa tatu mbichi, nimezipasua: mbegu ya kahawia inang'aa, na basbasi nyekundu imeikumbatia kama wavu. Ikikauka wekundu unakimbia, inabaki rangi ya chungwa, kwa hiyo nachora haraka asubuhi na kuomba nyingine Ijumaa. Ni wiki ya pili, na tanuri bado sijaliwasha.